Louis Braille, Mwana wa Fundi wa Ngozi



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alitungoja nje ya kanisa chini ya mwembe, hata watu wote walipokwisha kuagana. Binti yake haoni. Amemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni, ana umri wa miaka 19, naye sasa yuko nyumbani. Mama huyo hakutaka fedha wala nguo. Alitaka kujua jambo moja tu: siku yeye na mumewe watakapokufa, binti huyu ataishije? Tulimpa maneno ya kumtuliza, maana walimu wastaafu hudhaniwa kuwa na jibu la kila swali, nasi tumezoea kudhaniwa hivyo. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba hatukumjibu neno lo lote.

Basi tumeona afadhali tumsimulie, pamoja nanyi nyote, habari za mzazi mwingine aliyekuwa na swali hilo hilo miaka zaidi ya 200 iliyopita, na za mtoto wake. Jina la mtoto mnalijua, ingawa labda hamkujua kwamba ni jina la mtu. Yale maandishi ya vipofu, ambayo wengine huyaita nukta nundu na wengine huyaita breli, yameitwa kwa jina la Mfaransa Louis Braille. Wenyewe hulitamka Lui Brai.

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kama kilometa 40 mashariki ya mji wa Paris. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi: alishona matandiko ya farasi, hatamu na mikanda ya kukokotea mikokoteni. Zamani zile farasi ndiye aliyekuwa gari na trekta, kwa hiyo fundi kama huyu hakukosa kazi. Tena alikuwa na shamba dogo la mizabibu. Mama yake aliitwa Monique. Watoto walikuwa wanne, na Louis ndiye kitinda mimba, aliyezaliwa wenzake wakiwa wakubwa.

Alipokuwa na miaka 3 aliingia karakanani mwa baba yake akashika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akataka kufanya kama alivyomwona baba akifanya. Ngozi ni ngumu, mkono wa mtoto ni mdogo. Chuma kiliteleza kikamchoma jichoni. Dawa ya kuzuia usaha haikuwapo wakati ule. Ugonjwa wa jicho moja ukahamia la pili, na alipofika miaka 5 hakuona tena hata mwanga.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wazazi wengi wanaposimama moja kwa moja. Baba aliyeumiziwa mtoto na chombo cha kazi yake mwenyewe angefanya nini? Sisi tungelifunga mlango wa karakana kwa kufuli, tukamweka mtoto kitini karibu na mama yake, tukamlisha kwa kijiko mpaka awe na ndevu. Na watu wangetusifu kwa upendo wetu.

Mzee Braille hakufanya hivyo. Inasimuliwa kwamba alimchongea mwanawe fimbo ya kupapasia njia, na kila mtoto alipoongezeka urefu alimchongea nyingine. Akamwacha atembee kijijini, ajifunze kona za barabara na sauti za nyumba za jirani. Husimuliwa pia kwamba alipigilia misumari katika ubao kwa umbo la herufi, ili mtoto azijue kwa vidole. Na katika karakana ile ile, pamoja na zana zile zile, Louis alipewa kazi ndogo ndogo za ngozi. Fikirini moyo wa baba huyo, alivyomtazama mtoto akinyoosha mkono tena juu ya meza ile.

Mwaka 1814 na miaka iliyofuata majeshi ya kigeni yalijaa vijiji vile baada ya kushindwa kwa Napoleon, wenyeji wakalazimika kuwalisha na kuwalaza askari. Taabu ilikuwa kubwa. Lakini mwaka 1815 alikuja padre mpya kijijini, jina lake Jacques Palluy, akampenda mtoto yule na kuanza kumfundisha. Kisha Padre Palluy akamwendea mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, kumwomba ampokee Louis darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu Bécheret akakubali. Mtoto hakuweza kusoma ubaoni wala kitabuni, bali alisikiliza na kukumbuka, akawa miongoni mwa wanafunzi bora.

Kwa habari ya Mwalimu Bécheret hatuwezi kupita hivi hivi, kwa kuwa sisi tunalo letu la kukiri. Mwaka 1981, tulipokuwa tumetoka chuo cha ualimu majuzi tu, mama mmoja alileta mtoto wa kiume shuleni kwetu. Macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Darasa letu lilikuwa na watoto wengi kupita kiasi, vitabu vilikuwa haba, nasi tulikuwa vijana wenye haraka. Tulimshauri mama yule amkalishe nyumbani mpaka ipatikane shule inayomfaa. Hatukuandika barua yo yote kuitafuta shule hiyo, na mama hakurudi tena. Miaka mingi baadaye tulimkuta mtoto yule stendi ya mabasi, mtu mzima mwenye mvi, akiongozwa na kitoto kilichopaswa kuwa shule. Alitutambua kwa sauti. Hakutulaumu. Alituuliza tu habari za wale aliokaa nao darasani zile siku chache, akiwataja kwa majina mmoja mmoja.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba tulijua. Chuoni kwetu mwenzetu mmoja wa bwenini alikuwa haoni, naye alikuwa na kibao cha chuma na kalamu fupi ya kudungia karatasi. Saa 4 usiku taa zilipozimwa sisi tulilala kwa lazima, vitabu vyetu vikawa havina faida. Yeye aliendelea kusoma chini ya blanketi, na mara nyingine tulisikia tok, tok, tok, akiandika masomo ya kesho. Kwa saa zile za giza, wenye upungufu tulikuwa sisi.

Turudi Coupvray. Wazazi wa Louis walisikia habari za shule ya vipofu huko Paris. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1785 na Valentin Haüy, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya namna yake. Haüy alikuwa ameona katika maonyesho ya barabarani mwaka 1771 vipofu waliovikwa kofia za ajabu na miwani ya karatasi, wakipiga vinanda vibovu ili watu wacheke. Moyo wake ulichafuka. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa kijana ombaomba jina lake François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni pa kanisa. Kijana alisita, kwa sababu nyumbani walikula kwa sadaka ile. Basi Haüy akamlipa fedha kufidia zile ambazo angepata kwa kuomba, ndipo akaja kusoma. Kwa maoni yetu hekima ya Haüy ilionekana hapo kuliko mahali pengine po pote: alijua kwamba mtu mwenye njaa hawezi kungoja faida ya elimu.

Maana wakati ule kipofu maskini alikuwa na njia chache. Kukaa nyumbani na kulishwa, au kuomba barabarani. Mjini Paris palikuwa na nyumba kubwa ya vipofu iliyoanzishwa tangu karne ya 13, na hata wakazi wake waliishi kwa kuomba, ila kwa ruhusa. Mzee Simon-René alizijua njia hizi. Alikuwa na ufundi mikononi, lakini ufundi haurithiwi kama shamba. Mtu mkubwa wa kijiji, Markizi d'Orvilliers, alisaidia kuombea nafasi, na tarehe 15 Februari 1819 baba na mwana walisafiri kwenda Paris. Louis alikuwa na miaka 10. Angekaa katika shule ile, kama mwanafunzi na kisha kama mwalimu, hadi kufa kwake.

Tusidhani kwamba aliingia mahali pa raha. Jengo la mtaa wa Saint-Victor lilikuwa kuukuu, lenye giza na unyevunyevu. Mkuu wa shule wakati ule, Daktari Guillié, alikuwa mkali. Makosa yaliadhibiwa kwa mkate na maji na kufungiwa peke yako. Walipokwenda matembezi, wanafunzi walipangwa mstari wameshika kamba moja ndefu. Louis, aliyezoea kuzunguka Coupvray peke yake na fimbo aliyochongewa na baba yake, sasa alikokotwa kwa kamba katika mji mkubwa. Tumeona shule kama hizo hata katika zama zetu: humfundisha kijana mambo mengi ya kitabu, na papo hapo humsahaulisha kutembea.

Lakini shule ilikuwa na karakana, na hapo tunapenda kukaa kidogo. Watoto walifundishwa kufuma na kutengeneza viatu vya ndani vya kitambaa. Mikono ya Louis, iliyoanza kazi kwa baba yake, ilikuwa hodari, akapata zawadi, kisha akafanywa kiongozi wa karakana ya viatu, naye angali mtoto. Jioni alijifunza muziki. Siku za mitihani aliongoza katika masomo mengi.

Vitabu ndivyo vilivyomtatiza. Haüy alikuwa amebuni kuchapa herufi za kawaida zikiwa zimenyanyuliwa katika karatasi nene. Kipofu aliweza kuzisoma kwa kidole, lakini polepole mno, kwa kuwa umbo la herufi limetengenezwa kwa ajili ya jicho. Mtoto alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo. Vitabu vilikuwa vikubwa, vizito na vya bei kali, kwa hiyo vilikuwa vichache. Na zaidi ya hayo yote, kipofu hakuweza kuandika kwa njia ile. Aliweza kupokea maneno ya wengine tu. Hakuweza kuweka hesabu yake ya fedha, wala kumwandikia mama yake, wala kujikumbusha jambo la kesho, bila kumwomba mwenye macho aliyekuwa karibu.

Mwaka 1821 Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alileta shuleni njia ya kuandika kwa nukta zilizonyanyuliwa. Kila alama yake iliweza kuwa na nukta 12, nayo ilionyesha sauti wala si herufi. Wanafunzi walifurahi, maana kidole hutambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini alama ilikuwa ndefu hata kidole hakikuweza kuikumbatia kwa mguso mmoja, nayo haikuwa na namna ya kuonyesha tahajia, wala vituo vya sentensi, wala tarakimu.

Louis alianza kuichezea njia hiyo usiku na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, kazi ilikuwa karibu imekamilika. Alipunguza nukta kutoka 12 hadi 6.

Mnaofuga kuku mtaelewa mara moja. Chukueni kipande cha trei chenye nafasi ya mayai sita, matatu upande wa kushoto na matatu upande wa kulia. Yai moja juu kushoto ni a. Liongezeeni la chini yake, mmepata b. Yakiwa mawili ya juu, kushoto na kulia, ni c. Herufi kumi za kwanza hutumia nafasi nne za juu tu. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza zikiongezewa yai la chini kushoto. Kwa njia hii hupatikana alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, vituo na hata noti za muziki. Kila alama huenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Jambo moja litawachekesha Waswahili: herufi w haikuwamo katika mpango wake wa kwanza, kwa sababu Wafaransa hawana haja nayo sana. Iliongezwa baadaye, ndiyo maana umbo lake halifuati utaratibu wa wenzake. Sisi tusingeweza kuandika hata neno watu.

Na kuandika kulikuwa kwepesi. Kibao, kipimo chenye madirisha madogo, na kalamu fupi yenye ncha ya chuma. Mwandishi huanza upande wa kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta hujitokeza upande wa pili wa karatasi. Chombo chenyewe kimefanana sana na msharasi. Watu wengi wamelitaja jambo hili kwa mshangao, nasi pia hatuwezi kuacha kulitaja.

Mkuu mpya wa shule, Daktari Pignier, alikuwa mtu mwema, akawaruhusu vijana kuitumia njia hiyo. Mwaka 1828 Louis alifanywa mwalimu msaidizi, na mwaka 1829 kitabu cha kueleza njia yake kikachapishwa. Mwaka 1833 akawa mwalimu kamili mwenye mshahara. Alifundisha sarufi, jiografia, hesabu na muziki. Mwaka 1838 kilitoka kitabu chake kidogo cha hesabu kwa wanaoanza. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari, na kuanzia mwaka 1834 alipiga kinanda katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs huko Paris kwa malipo. Baadaye inasemekana aliacha nafasi moja ya kupiga kinanda ili apewe kipofu mwenzake aliyekuwa na dhiki kuliko yeye.

Mzee Simon-René hakuyaona yote hayo. Alikufa mwaka 1831, Louis akiwa na miaka 22. Alipokuwa kitandani mwake katika ugonjwa wa mwisho, aliagiza iandikwe barua kwa Daktari Pignier, kumwomba asimwache mwanawe. Ndilo swali la mama yule wa mwembeni. Baba huyu alikuwa amefanya karibu kila kitu ambacho mzazi anaweza kufanya, mtoto wake alikuwa tayari anafundisha wengine, na bado alikufa na wasiwasi. Tunamwambia mama yule hivyo waziwazi, asije akadhani kwamba hofu yake ni upungufu wa imani.

Karibu na mwaka 1835 Louis alianza kuugua kifua kikuu. Huenda unyevu wa jengo lile ulichangia. Mara kadhaa alirudi Coupvray kupumzika, akapata nafuu, akarudi darasani. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ya kuchora kwa nukta herufi za kawaida ambazo mwenye macho huzisoma bila kufundishwa. Rafiki yake Pierre Foucault, kipofu na fundi wa mitambo, akatengeneza mashine ya kuziandika upesi. Sasa mwanafunzi aliweza kupeleka barua nyumbani bila mtu wa tatu kujua siri zake. Wengi hawaijui kazi hii ya pili ya Braille, lakini sisi tunaipenda kama ile ya kwanza. Nukta sita ziliwapa vipofu maandishi yao; hii iliwafungulia mlango wa kuzungumza na jamaa zao na wenye kazi.

Mwaka 1840 ikaja taabu nyingine. Pignier aliondolewa, na nafasi yake akashika Dufau, aliyekuwa msaidizi wake. Huyu aliona kwamba maandishi yasiyosomwa na wenye macho yatawatenga vipofu na watu wengine, akapiga marufuku nukta za Braille akaleta herufi nyingine za kunyanyuliwa. Hatupendi kumdharau. Hoja yake ilikuwa na maana, na hata leo wapo wema wengi wanaoamua lililo jema kwa mwingine bila kumwuliza. Lakini wanafunzi waliendelea kwa siri. Waliandikiana kwa misumari na sindano za kufumia, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Fikirini hali ya Louis, mwalimu mgonjwa, akikaa kimya katika shule ambamo kazi yake ilikatazwa, akijua kwamba usiku bwenini inatumika.

Aliyebadili mambo ni msaidizi wa Dufau, Joseph Gaudet, aliyemshawishi mkuu wake atazame upya. Shule ilikuwa imehamia jengo jipya, kubwa na lenye hewa safi, na siku ya kulifungua rasmi, Februari 1844, njia ya Braille ilielezwa na kuonyeshwa mbele ya wageni. Mtoto mmoja aliandika maneno aliyosomewa, mwingine ambaye hakuyasikia akayasoma kwa kidole. Dufau alikuwapo. Kwa heshima yake tuseme kwamba alikubali kubadili nia, jambo ambalo ni zito kwa mkuu wa shule ye yote, nasi twajua.

Hapa msomaji mmoja aweza kuuliza: je, mtu aliyeishi ndani ya shule moja tangu miaka 10 mpaka kifo chake, alijitegemea kweli? Hakuwa na nyumba yake, hakuoa, alipougua alihudumiwa. Tumelifikiria swali hilo, nasi twaona kwamba jibu limo katika mambo yaliyoonekana alipokufa.

Desemba 1851 alitokwa na damu nyingi kifuani, akajua kwamba hatapona. Alimwita mwandishi wa wosia akapanga mambo yake yote mwenyewe. Vitu vyake aliwagawia jamaa zake wa Coupvray, wala hakumsahau mtumishi aliyesafisha chumba chake, wala aliyemhudumia katika ugonjwa, wala mlinzi wa usiku. Alikufa tarehe 6 Januari 1852, sikukuu ya Epifania, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti ya Paris hayakuandika habari zake.

Alikuwa ameacha kisanduku kidogo, na amri kwamba kichomwe moto bila kufunguliwa. Rafiki zake walishindwa kujizuia, wakakifungua kwanza. Ndani walikuta hati za madeni: vikaratasi vya watu waliokopa fedha kwake, wengi wao wanafunzi wake, ambao yeye hakutaka wadaiwe. Mtu ambaye baba yake aliogopa atakosa wa kumlisha alikuwa ndiye benki ya wenzake kwa miaka mingi, kimya kimya. Walivichoma vikaratasi vile kama alivyotaka.

Serikali ya Ufaransa iliikubali rasmi njia yake mwaka 1854. Mwaka 1878 mkutano wa nchi nyingi uliofanyika Paris uliichagua, na tangu hapo ilienea duniani. Ilifika hata huku kwetu: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa letu la Anglikana mwaka 1950, imefundisha kwa nukta zile zile sita watoto waliokuja kuwa walimu na wazazi. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 4 Januari, Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa siku ya breli duniani, na iliadhimishwa hivyo mara ya kwanza mwaka 2019.

Kwa binti wa mtaa wetu tulirudi juma lililopita. Tulimkuta amekaa barazani amevaa vizuri, mama yake akipepeta mchele. Tulimwomba mama ampe binti ungo. Mama alisita, akasema kwa upole kwamba atamwaga. Alimwaga kweli, kiasi cha kikombe kimoja, na kuku wakafurahi. Binti aliomba ajaribu tena. Tulipoondoka walikuwa wamefika habari ya jiko la mkaa, na mama alikuwa bado hajakubali. Wazee wa kanisa wameahidi kuuliza chuo cha ufundi kinachopokea vijana wasioona, na wanawake wawili wanaoshona sare za kwaya wamesema binti aje akae nao Jumamosi, aone kama mikono yake inapenda kazi hiyo. Kitambaa watampa bure mwezi wa kwanza. Baada ya hapo atalipa kwa kazi yake, kama wengine.

Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, Wafaransa waliufukua mwili wa Louis Braille kaburini Coupvray wakaupeleka kwa heshima Paris, ukalazwe katika jengo la Panthéon pamoja na watu wakuu wa taifa lao. Lakini watu wa kijiji waliomba waachiwe mikono yake. Wakaachiwa. Mikono imo kaburini pale Coupvray, katika kijiji kile kile ambako baba yake alimrudisha kwenye meza ya ngozi.